Mdogo Haongei, Kaka Yake Anamsemea Kila Kitu

Mshauri mpenzi, nishike mkono kabla Jumamosi haijafika, maana siku hiyo wifi yangu anakuja kumchukua mwanangu mkubwa, na mdomo wangu umeshakubali ila moyo umegoma. Nina wavulana wawili, mkubwa ana miaka saba tunamwita Wakili, mdogo ana minne tunamwita Kimya, na jina hilo lilianza kama utani kwa sababu alipokuwa mchanga hakusumbua mtu, sasa linanichoma, kwa kuwa wenzake wanapiga soga kama kasuku na yeye ana vijineno vichache tu, navyo anavitafuna, anayevielewa ni kaka yake peke yake. Mimi ni mshonaji, cherehani yangu iko sebuleni na watoto wanacheza chini ya meza kwenye vipande vya vitambaa, mteja akimsalimia Kimya, Wakili ndiye anayejibu, "Hajambo, ila hapendi kushikwa shavu." Nikimuuliza mdogo anataka nini, kaka yake anamgusa bega, anamgeuza amtazame usoni, wanakonyezana, kisha naletewa taarifa, "Anataka maziwa, mama, na sukari usiibanie," na hiyo sukari najua fika ni ya nani!

Basi mama mkwe wangu, ambaye ananipenda sina la kulalamika, amesema mtoto ni mvivu wa kusema kwa kuwa ana wa kumsemea, Wakili akakae kwa shangazi yake mpaka ulimi wa mwenzake ufunguke, na mume wangu, fundi wa kuchomelea mageti, mtu mpole asiyembishia mama yake, akaitikia. Tulijaribu siku mbili. Kimya alivaa ndala za kaka yake akakaa mlangoni, chakula hataki, nikimwita nikiwa nyuma yake hageuki, nikajua amenisusia. Huko nako Wakili alipiga simu analia, "Mama, usimwite kutoka jikoni, nenda mpaka alipo!" Nikamkatiza, nikamwambia mambo ya wakubwa atuachie wakubwa. Sasa niambie, hii ni dawa chungu au nawatenganisha ndugu bure?

Mama wa Wawili

MSHAURI ANAJIBU

Mama wa Wawili, pole, lakini weka mkasi chini unisikilize. Umewalea vizuri, watoto hawapendani hivyo kwa bahati. Ila barua yako uliiandika bila kuisoma. Ukimwita akiwa amekupa mgongo, hageuki. Kaka yake humgusa bega na kumgeuza uso kabla ya kusema naye. Kisha mtoto wa miaka saba anakuambia kwa machozi usimwite kwa mbali, nawe unamnyamazisha! Huyo mdogo hajasusa, wala si mvivu. Niliingiwa na wasiwasi kwamba hasikii vizuri.

Sikungoja gazeti litoke, nilikupigia simu kwa namba uliyoiweka kwenye barua. Ukabisha: "Mbona cherehani ikianza kulia anacheza kuufuata mlio wake?" Nikakujibu kwamba mtetemo wa cherehani anausikia kwa miguu, kwa hiyo nenda hospitali, apimwe masikio. Ulikwenda, na kwa ruhusa yako nawaambia wasomaji: daktari amekuta majimaji nyuma ya ngoma za masikio yote mawili, sauti zinamfikia kama zimefunikwa kwa mto. Inatibika. Ulinipigia ukilia barabarani. Lia, una haki, kisha ufute macho, kazi bado.

Wifi nasikia alikunywa chai akaondoka peke yake. Iwe hivyo hivyo. Mama mkwe akaelezwe na mumeo, maana ni mama yake, na asilaumiwe, alikosea kwa mapenzi. Tarehe za daktari usikose hata moja, na akisema mtoto aonwe na mtaalamu wa kumfundisha kutamka, mpeleke bila ubishi. Hilo jina la Kimya life leo. Ana jina lake, mwiteni.

Wakili usimkataze ghafla, atadhani amefanya kosa. Muulize, "Wewe unafanyaje hata akuelewe?" kisha baba, mama, bibi, nyote mfuate anavyofanya yeye. Kidogo kidogo mwombe amngoje mwenzake ajaribu kwanza.

La mwisho usilipuuze. Mara moja moja mtoe huyo mkubwa peke yake, hata kama ni kwenda kununua uzi tu. Mkiwa wawili njiani, muulize yeye anataka nini.