Miaka Mitano Niliyomwongezea Mama

Jumatatu, 6 Oktoba 2025
Nimerudi kutoka Masasi hoi. Jicho la kulia la Mama limeziba kabisa, la kushoto linafuata. Mtoto wa jicho. Daktari kamwona bure kwa kadi ya mzee — lakini lenzi, upasuaji, matone, hapana! Ambakisye, wakala wa bima, akanieleza: ipo bima ya nyongeza, inaanzia pale kadi ya mzee inapoishia. Nikashusha pumzi. Akaitazama kadi, akaniambia: Mwisho wa kujiunga miaka sabini, Mama Cyril. Huyu ana sabini na nne.

Mama ana sitini na tisa.

Jumanne, 7 Oktoba
Niandike tu, hapa hasomi mtu. Ni mimi. 2011, tulipoandikisha wazee hapa Makote, mtendaji wa kijiji nilikuwa mimi. Mama alikuwa na hamsini na tano. Nikaandika sitini, apate kadi mapema. Nikajiona mwerevu! Na si yeye peke yake.

Alhamisi, 9 Oktoba
Chilangala, kwa Bi Severina, aliyehamia huko kutoka hapa Makote. Yeye na Mama walichezwa unyago siku moja, kwa hiyo umri wa Mama anaujua. Nilimwomba aje mahakamani Newala atoe ushahidi, umri urekebishwe. Akacheka mpaka korosho zikamwagika kutoka mapajani. Kwani si wewe uliyetuzeesha, mwanangu? Ee, kweli. Na yeye nilimpa mitano! Atakuja, anasema. Ila akiulizwa nani aliandika, hatadanganya.

Aibu niliyoona! Na miguu inauma.

Jumapili, 12 Oktoba
Kesho mahakamani. Najaza fomu ya kiapo. Kuna mstari: nani aliandika umri usio sahihi. Alfredi alikuwa karani wangu wakati ule. Marehemu, hatabisha. Nikaandika Alfredi. Nimebakiza miaka mitatu kustaafu kwa hiari — wakinifukuza kazi sasa, je?

Nikakata. Nikaandika tena jina lilelile. Karatasi imechafuka.

Bi Severina naye kesho atakuwepo, na mdomo wake ule.

Mama yuko mkekani, anabangua korosho kwa kupapasa. Hajui lolote. Mpaka leo anamshukuru Mungu kwa kadi iliyotoka mapema, na kila Jumapili humwombea marehemu Alfredi, eti ndiye aliyeileta nyumbani.

Sasa hivi kageuza uso, ananitafuta kwa lile jicho lililobaki. Anauliza mbona kalamu imenyamaza.

Anataka nimsomee nilichoandika.