Dinamo ya Baba Sikuiuza

Salamabila

Yaya Ramazani,

Salamu nakupa kwa sababu wewe ni kaka yangu mukubwa, na Baba alitufunza kwamba salamu hainyimwi hata adui. Habari ya nyumba? Magoti ya Mama yanamuacha atembee? Mimi niko muzima. Roho ndiyo inawaka.

Juma iliyopita mutu wa pikipiki alinirudishia gunia ya muchele niliyomutumia Mama. Kamba haikufunguliwa. Akaniambia, "Mama yako anasema hali chakula ya mwizi." Mwizi! Mimi Sumaili, niliyemubeba mugongoni siku ya homa mpaka hospitali! Nikauliza, mwizi wa nini? Ndiyo nikasikia maneno uliyotapanya Kasongo muzima: eti nimetoa dinamo ya Baba kwenye kamio, lori aliyotuachia, nikaiuza kwa watu wa huku wanaochimba zahabu, nikaweka mbovu ndani, ndiyo maana batri inakufa kila siku.

Sasa sikiliza, na usinikate maneno namna umezoea.

Ni kweli, tangu kamio ifike huku batri ilikuwa inakufa. Kila mahali tulisimama kwenye muteremko, tusukume ndiyo iwake. Kufika Lusangi, abiria walishuka ndani ya matope kusukuma, wakanitukana mimi na kizazi yangu. Nikafungua dinamo, nikaweka sharbo mupya, vile vipande vyeusi vinavyosugua ndani. Bado. Nikakaza mukanda. Bado. Mushale ya chaji pale mbele ya shofere umelala tu. Nikasema basi Fundi Kitenge, aliyeniuzia zile sharbo, ndiye amenidanganya. Nilimutukana sokoni mbele ya watu.

Kitenge akanifuata mpaka kwenye kamio. Alikuja na kipande cha waya, akasema, "Washa moteri." Ncha moja akaigusisha kwenye regilateri, kale kasanduku kanakopimia batri umeme ya dinamo. Ncha ingine akaigusisha kwenye shasi, pahali chuma iko tupu. Ala! Mushale ukaruka. Akatoa waya, ukalala. Akarudisha, ukaruka tena.

"Kasanduku hakagusi chuma," akasema. "Nani alipaka rangi hapa?"

Ni wewe, Yaya. Kwa arobaini ya Baba ulitaka kamio ing'are mbele ya wageni. Ulifungua kila kitu, hata regilateri, ukapaka kijani kila pembe, kisha ukaifunga juu ya rangi. Nilikuambia, "Yaya, huku ndani hakuna mugeni atakayechungulia." Ukanijibu kwamba mudogo hafundishi mukubwa. Sasa rangi haipitishi umeme. Baba aliacha chuma ile wazi miaka yote, haikupata hata tone ya rangi, na batri haikumulalia njiani. Tulikwangua rangi yako kwa kisu, tukafunga. Kamio inachaji vizuri kabisa, na dinamo ni ile ile ya Baba.

Nilirudi sokoni kwa watu wale wale, nikamuomba Kitenge musamaha. Haya ilinishika, lakini sikufa.

Wewe ulinisema kwa Mama, kwa majirani, hata kwa watu wanaotoka musikitini. Simu hukupiga hata moja kuniuliza. Unafikiri sijui sababu? Ulitaka kamio irudi mikononi mwako. Haya, ichukue! Tuma mutu aje kuikamata, funguo nitamupa. Lakini Mama siwezi kukuachia. Tangu Baba afe sina mutu mwengine wa kuniita mwanangu, na wewe ulienda kumufunga mudomo. Njia ya uongo ni fupi, Yaya, hata kama umeipaka rangi.

Umusalimie shemeji, bibi yako, anayekuvumilia. Umusalimie Mjomba Asumani anayeadhini, umuambie kikohozi chake nakiombea dua. Watoto wako nawapenda, hawana kosa. Wewe, salamu ile moja ya juu inatosha.

Na usihangaike kuficha barua hii. Nimemuambia mutu anayeileta aifikishe kwanza kwa Shangazi Zaina, dada ya Baba, amusomee Mama tangu neno la kwanza mpaka la mwisho, ndipo wakupatie. Kwa hiyo macho yako yakifika hapa, Mama amekwisha kusikia yote. Inuka, uende ukamuangalie usoni.

Mudogo yako,
Sumaili