A ya Fizikia na Waya Tatu

Jumatatu, 1 Septemba
Ovaroli nimeipiga pasi mara mbili. Mpya, samawati. Mama kaishonea jina mfukoni: KADZO. Kesho siku ya kwanza karakanani, chuo cha ufundi. Tangu matokeo ya kidato cha nne najiita fundi umeme kimoyomoyo. Nilipata A ya fizikia. Siwezi kutulia.

Jumanne, 2 Septemba
Aibu. Bi Zainabu, mwalimu wetu wa karakana, alitupa ubao, swichi, balbu na waya. Tuiwashe. Mchoro niliumaliza wa kwanza. Kisha koleo. Nikaumenya waya, nikaukata. Nikaukata tena. Sikuwahi kushika koleo maishani. Shuleni vifaa tulivichora tu. Omari wa Jomvu Kuu, tunayekaa naye meza moja, aliwasha yake nikiwa kwenye waya wa tatu. Yeye alipata D, kasema mwenyewe. Ijumaa jaribio. Atakayeshindwa anahamishiwa kozi nyingine.

Jumatano, 3 Septemba
Omari kanifunza kumenya waya: usibane, zungusha taratibu. Mimi namfunza kukokotoa mkondo wa umeme. Anaziogopa hesabu kama ninavyoliogopa koleo. Vidole vinaniuma. Raha tupu.

Alhamisi, 4 Septemba
Bi Zainabu aliuliza nani hakuwahi kushika vifaa hivi kabla ya kuja chuoni. Darasa zima tunatazama viatu. Nikaona kesho tutaanguka wengi kwa kimya hicho. Nikainua mkono. Peke yangu.

"Mwalimu, A yangu ni ya karatasi," nikasema. "Mikono yangu haijui kitu."

Nilingoja kicheko. Nyuma ukapanda mkono mwingine. Kisha mwingine. Nikaacha kuhesabu. Bi Zainabu alivua miwani, akasema basi alikuwa akitupima kwa jambo ambalo hatukufunzwa. Jaribio kalisogeza wiki mbili. Karakana itakuwa wazi kila alasiri. Nimetembea mpaka nyumbani Miritini na sikuhisi njia.

Ijumaa, 19 Septemba
Imewaka!
Mara ya kwanza ilikataa. Sikulia. Nikachukua mita ya kupimia umeme, nikafuata waya hatua kwa hatua. Skrubu imelegea. Nikaikaza. Mwanga huo, machoni pangu. Omari naye kapita, kakosa hesabu moja tu. Wawili hawakuweza. Bi Zainabu kakataa kuwahamisha, atabaki nao mpaka waweze.

Jumapili, 21 Septemba
Baada ya kanisa, Mama Sidi wa nyumba ya pili kaniita nimtazamie soketi inayotoa cheche. Nikazima swichi kubwa. Nikaitazama sana. Nikamwambia asiitumie kwanza. Tatizo lake silijui bado, kesho nitamuuliza mwalimu. Mwezi uliopita ningebuni jibu. Mama Sidi akasema haya, mwanangu, akaenda kuleta chai na mahamri. Tukanywa barazani.