Kinyesi cha Mheshimiwa

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini wewe, binti yako na huyo kichanga mliyempokea hamjambo, na kwamba hakurithi pua ya ukoo wetu. Mimi ni mzima, ila mgongo unaniuma kwa kuinamia maboksi, na aliyenitia katika adha hii ni wewe. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu hunipi nafasi ya kumaliza sentensi, na leo nataka nimalize.

Uliponiachia simbilisi wako wawili ulisema hawana usumbufu. Dada, maneno hayo yarudishe ulikoyatoa. Juma la pili tu, yule wa kahawia unayemwita Mheshimiwa akaanza kukojoa damu na kulia kama bawaba isiyotiwa mafuta. Nikamtia kikapuni hadi kwa daktari wa wanyama. Nilibanwa kwenye benchi kati ya mama mwenye mbwa sawa na ndama na bwana mwenye paka aliyevishwa sweta, na wote wawili wakanionea huruma mimi niliyepakata panya asiye na mkia. Daktari, binti mdogo mwenye ulimi mkali, akasema kuna jiwe kwenye kibofu, nimrudishe kesho yake apasuliwe.

Sasa mimi, nilipopasuliwa ngiri, si walininyima chakula tangu jana yake? Basi na Mheshimiwa nikamnyima, nionekane mjuzi. Daktari alipojua alinikaripia mbele ya mbwa na paka. Akasema simbilisi hanyimwi chakula hata kidogo, tumbo lake likikaa tupu linasimama, na likisimama naye hana siku nyingi. Akaniuliza kama nyumbani kuna mtu mzima. Nikajibu mtu mzima kasafiri kwenda kulea mjukuu.

Walimlisha kwanza, wakampasua mchana. Jiwe lilikuwa kama punje ya mahindi, ninalo kwenye kopo. Nikarudi naye na masharti kama ya bibi harusi: alale juu ya taulo safi, maranda ya boksini yasiguse kidonda, asitafune nyuzi, na kila baada ya saa tatu nimsukumie uji wa majani mdomoni kwa bomba la sindano. Tena nihesabu punje za kinyesi chake, maana ndizo zinazoonyesha kama tumbo linafanya kazi. Umri wangu huu, dada, miwani puani, nahesabu mavi!

Na wewe kila jioni simu: ngapi leo? Hata salamu hunipi.

Hapo ndipo penye shida. Ule uji alinitemea machoni mara nne. Siku ya pili nikasusa. Nikamwambia kama hataki basi, nikafungulia redio nikasikiliza mpira. Jioni boksi lake lilikuwa safi kama sahani ya mgeni. Ulipopiga nikakwambia thelathini na mbili. Hazikuwa zake. Nilizihesabu kwenye boksi la mwenzake, yule mweusi, anayekunya bila kuombwa. Siku ya tatu nikakwambia arobaini, ukacheka ukasema umelala vizuri.

Siku ya nne nilimkuta amejikunja pembeni, manyoya yamesimama, anasaga meno. Nikamwita jina lake lote, hakugeuka. Dada, nilitoka naye mbio kwa daktari na kandambili za rangi mbili. Nikamwambia daktari ukweli wote, na yule mama wa mbwa alikuwepo, akasikia kila neno. Daktari hakunigombeza, na hilo ndilo lililoniuma. Alimdunga sindano, akanishikisha bomba, akanifundisha kuliingiza pembeni ya mdomo nyuma ya meno, kidogo kidogo, nisubiri ameze. Tukakaa hivyo siku mbili, asubuhi hadi jioni, palepale kwenye benchi. Alipodondosha punje ya kwanza nilipiga kelele hata paka mwenye sweta akakimbia.

Sasa anakula mwenyewe na nyuzi zimetolewa. Najua hutaamini tena hesabu zangu, na una haki. Kwa hiyo katika bahasha hii kuna pakiti ya nailoni. Ni za leo asubuhi, ishirini na saba, zimekauka vizuri. Daktari amesaini juu yake kwamba ni za Mheshimiwa na si za mwenzake. Usiifungulie mezani.

Nisalimie mzazi na mumewe, umbusu mtoto, na ukipiga simu anza na salamu.

Ni mimi mdogo wako, mkaidi yuleyule.