Sauti Baada ya Picha Kuisha

Jumatatu, 10 Oktoba 1983

Volkmar anaiita filamu yake "utafiti". Vifaru, halafu waziri anahutubia, halafu mwanamke anakufa huku anaimba. Vita, siasa na opera, vyote sufuria moja! Hadithi hakuna. Na mimi mhariri ndiye nitafute pa kushonea.

Leo zimefika picha za Mama. Ndiyo, mama yangu mzazi. Volkmar alimfuata hadi kwake kumhoji mbele ya kamera, kwa kuwa aliimba kwaya ya opera wakati wa vita vya dunia. Nilikataa. Nani kanisikiliza?

Jumanne, 11 Oktoba

Nimemtazama Mama kwenye mashine ya kuhariria kutwa. Blauzi ya sikukuu, keki ya plamu mbele yake, haijaguswa. Anasimulia lile nililolisikia tangu utotoni. Jioni ya mabomu, kabla hawajapanda jukwaani, dada yake Ottilie alimtemea mate begani mara tatu. Ni kumtakia heri. Kwetu ukitemewa hivyo hutakiwi kushukuru, asante huleta mkosi — unanyamaza, unapanda. Mama alikuwa binti wa miaka kumi na tisa. Akasema asante. Jumba likaungua, Ottilie akafia ndani.

"Nilimuua kwa asante," anaiambia kamera.

Volkmar kacheka mpaka kakohoa. Eti hiyo ndiyo filamu yenyewe: taifa limechoma dunia, halafu linajilaumu kwa kukosea adabu. Nilimchukia. Na hakukosea sana, hilo ndilo linaloniudhi.

Chini barabarani wanaandamana, hawataki makombora mapya ya Wamarekani. Nimefunga dirisha.

Jumatano, 12 Oktoba

Ee Mungu.

Filamu iliisha ndani ya kamera, Volkmar akatoka kwenda garini kuleta nyingine. Mtu wa sauti naye akamfuata, hakuzima mashine. Picha imekwisha, utepe wa sauti unaendelea. Nilikuwa nashuka kununua mkate. Nikasikia kikombe kinawekwa, halafu Mama, peke yake chumbani, sauti ya chini kabisa.

Jioni ile ya mabomu pazia la chuma la jukwaa lilishushwa ili moto usiwafikie watazamaji. Lina kijilango, na sheria ya jumba ni kwamba pazia likishuka nacho kifungwe. Mama ndiye aliyekuwa karibu. Alikifunga.

"Otti alibaki upande wa moto. Alibisha mlango. Aliniita kwa jina langu la utotoni. Komeo lilikuwa mkononi mwangu, na mzimamoto wa jumba hakuwa akinitazama."

Basi. Kisha milango, Volkmar anarudi, Mama anamuuliza kama anataka krimu kwenye keki.

Siri ya mtungi aijuaye ni kata. Miaka yote ile asante, asante! Kumbe alikuwa anajifunika nayo. Mkate sikununua. Naogopa. Bomba la maji ya moto linagonga ukutani na kila likigonga nasimama.

Alhamisi, 13 Oktoba

Nimekata kipande kile cha sauti. Volkmar hajakisikia. Akikisikia atakiweka juu ya giza tupu, watu wakisikilize kwenye tamasha la filamu Berlin na kupiga makofi. Mama yangu si utafiti.

Usingizi sikupata. Nilipofumba macho Otti alibisha mlango.

Ijumaa, 14 Oktoba

Naandika chooni. Wananisubiri.

Mama amekuja kwa treni asubuhi — Volkmar kamwalika ajitazame, mimi sikuambiwa. Kaketi kwenye kiti changu, mkoba magotini. Akajitazama hadi mwisho, bila hata kupepesa. Kipande cha asante kikapita. Volkmar akatabasamu. Picha ikaisha, kioo kikawa cheusi, kimya. Volkmar akanyoosha mkono awashe taa.

Mama akamshika mkono.

"Subiri, kijana. Hapo nilikuwa bado nazungumza."

Volkmar akanitazama, akauliza sauti iko wapi. Nikasema labda mashine. Mama hakumtazama yeye, alinitazama mimi, akasema taratibu:

"Gesine, mwanangu. Niliona taa nyekundu ya mashine ya sauti inawaka. Nilijua."

Kipande kimo mfukoni mwangu. Mama anagonga mlango, ananiita.