Mbuzi Aliyeombewa Sana

Mdogo wangu mpendwa,

Salamu nyingi kwako. Natumaini kile kifua kimekuachia na usingizi unaupata. Mimi bado nipo, ila miguu imenikimbia, na siku hizi daktari anazungumza na binti yangu huko koridoni, si na mimi. Kwa hiyo nisipindishe maneno: kuna jambo nimekuficha miaka thelathini na moja, kuhusu ule mfupa wa parokia yako.

Unakumbuka askofu alivyoniomba niupime. Watu walikuwa wakija kwa mabasi kuligusa kasha la kioo, na gazeti moja likauliza kama kweli yale ni masalia ya yule mtawa muuguzi, aliyevunjwa mkono na askari akaendelea kuosha wagonjwa kwa mkono uliopinda. Ulinikabidhi kasha wewe mwenyewe, umevaa glavu nyeupe, ukaniambia nisikuonee haya, niseme nitakachokiona. Nami siku tatu kabla nilikuwa nimetania darasani kwamba, kwa uzoefu wangu, watakatifu wengi wana kwato. Wanafunzi walicheka hadi wakagonga meza.

Ripoti yangu ilikuwa na mstari mmoja wa maana: mfupa wa mguu wa mbele wa mbuzi.

Yaliyofuata unayajua kuliko mimi. Kasha liliondolewa. Watoto wakawa wanalia mee ukipita sokoni, wakubwa wakakubatiza Padri wa Mbuzi, na ukahamishiwa chumba cha kumbukumbu, wewe uliyezaliwa kwa ajili ya watu. Hukunilaumu hata siku moja. Uliwaambia wote kwamba kaka yako hasemi uongo.

Mama aliendelea kupiga magoti mbele ya lile tundu tupu la ukutani lilipokuwa kasha. Nilimfuata nikamweleza kwa upole, kisomi, kwamba miaka yote alikuwa akimbusu mbuzi. Akainuka, akajipangusa magoti, akasema, "Basi ni mbuzi aliyeombewa sana, mwanangu. Mwache apumzike." Nilicheka naye. Kisha nikaenda kukaa ndani ya gari, nikashindwa kuliwasha.

Sasa nikueleze asubuhi ile maabarani. Nilifungua uzi mwekundu, nikaondoa hariri, nikauweka mfupa chini ya taa. Ulikuwa wa kigasha, kati ya kiwiko na kiganja, mwembamba, mweusi kwa moshi wa mishumaa. Kichwa chake kilikuwa cha mviringo kama kifungo, kile kinachokiwezesha kiganja kugeuka juu kupokea na chini kubariki. Mbuzi hakupewa hicho. Chini yake palikuwa na uvimbe. Ulikuwa umevunjika, ukaunga wenyewe, kombo, na pale penye kombo ulikuwa umenenepa kwa kazi. Kazi ya miaka mingi. Nimeshika maelfu ya mifupa, mdogo wangu. Ni huo tu ulionivua miwani. Siwezi kuapa kwamba ni wake, maana mfupa hauna jina. Lakini chumba kizima kilinyamaza, hata mngurumo wa friji sikuusikia tena, na magoti yangu yakaanza kukunjika yenyewe.

Ndipo niliposikia wanafunzi wakija, wanacheka.

Askofu aliniachia mfupa niutupe. Sikuutupa. Binti yangu anayekuletea barua hii ameubeba, umefungwa kwa hariri ile ile. Mpe barua askofu wa sasa, isomwe kanisani, niwe hai au nimekufa. Nisalimie watawa wanaokupikia, uwaambie waniombee. Sikuombi unisamehe haraka. Fanya taratibu, kama ulivyokuwa ukila utotoni hadi tunakuachia vyombo.

Mimi kaka yako, mwalimu wa mifupa, naandika upya ripoti yangu kwa mkono wangu, akili ikiwa timamu: mfupa ule ni wa binadamu. Nilijua kabla taa haijapata joto. Niliandika mbuzi ili wanafunzi wangu wasinikute nimepiga magoti.