Balance tatu na mukono ya Papa

Wivine, niko nalia mu ville, mbele ya magazini.

Tulikuja na Papa kuchagua balance, mizani ya kupima gaz anatiaka mu climatiseur za watu, mashini za kupoza nyumba. Unamujua, myaka yote anabebaka tu bouteille, ile chupa ya chuma ya gaz, na anajua gaz iliyobaki. "Balance ni hii mukono yangu," njo vile alimwambia muuzaji.

Muuzaji akamupa bouteille. Papa akasema kilo kumi. Balance ikasema sita.

"Iko mubaya. Lete ingine."

Ingine nayo, sita. Ya tatu, sita, Wivine.

Papa akaondoa bouteille ku balance. Kisha akanambia pole pole: "Sephora, tangu Pasaka hii mukono haisikie kintu."

Tangu Pasaka. Na kila asubui alikuwa anaenda ku kazi.

Akaweka mukono juu ya balance, kama bouteille, akaniuliza: "Inasema ngapi, mama?"

Sikuweza kusoma, juu ya machozi.